Pale gari linaposema basi

Fundi aliposhusha jeki, nyuma ya pikapu haikuzama kama tulivyozoea. Ilishuka kidogo, ikayumba mara moja, ikasimama. Kaka yangu alichuchumaa akapitisha ngumi kati ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma, na ile raba inayozuia ekseli isigonge chasisi, yaani fremu ya gari. Ngumi ikapita. Kabla ya siku hiyo, hata kidole hakikuwa kikipita.

Pembeni alikuwepo mteja wetu wa machungwa, mfanyabiashara wa Muheza tuliyembebea mizigo tangu marehemu baba yu hai. Alikuja mjini Tanga kwa shughuli zake, akasikia gari liko Ngamiani kwa fundi, akapita kulijulia hali. Alilizunguka, akapiga bodi kwa kiganja, akasema kwa furaha ya kweli:

"Haya! Sasa hii itabeba hata magunia matano zaidi."

Kaka akacheka, akasema inshallah. Fundi naye akasema hilo halina neno.

Mimi nilinyamaza. Neno lile nimekaa nalo wiki kadhaa. Nikipika liko, nikilala liko. Hakuna aliyesema uongo pale gereji, na hakuna aliyemtakia mwenzake mabaya. Ila tulikuwa tumetoka kulifunga gari springi mpya za nyuma, kulitibu ugonjwa wa kubebeshwa kupita kiasi, na kabla jeki haijarudishwa mahali pake, tayari tulikuwa tunalipangia mzigo mkubwa kuliko uliolivunja.

## Kwa nini kushoto?

Pikapu yenyewe ni Toyota Hilux ya kebini moja, ya miaka ya tisini, ya dizeli. Aliinunua baba, sasa anaiendesha kaka, na mahesabu yake nashika mimi.

Dalili zilikuja polepole. Kwanza taa za mbele zikaanza kumulika minazi badala ya barabara, kwa sababu nyuma imelala na pua imeinuka. Kisha kila shimo likawa linapiga "ngo!" hadi kwenye meno. Mwisho gari likaanza kuegemea upande mmoja hata likiwa tupu.

Kila aliyeliona alisema springi zimechoka, na ni kweli zilikuwa zimechoka. Kilichonisumbua ni ule upande. Dereva anakaa kulia. Kama ni uzito wa mtu, upande wa kulia ndio ungetangulia kulala. Yetu ilikuwa imelala kushoto.

Nilimuuliza fundi. Ni mzee wa makamo, gereji yake iko nyuma ya moja ya zile barabara zenye namba, chini ya mwembe. Watu wa ofisini wangeiita gereji bubu. Mimi naiita gereji, kwa sababu pale kazi inafanyika na inaeleweka.

"Shikamoo fundi. Hivi kwa nini kushoto?"

"Marahaba mwanangu. Tulale chini tutazame."

Tukalala chini kwenye maboksi. Kwenye kona ya kushoto ya bodi, juu kabisa ya springi, pana tundu ambalo kutu imelitoboa siku nyingi. Maji yote ya bodini hutokea hapo. Na maji ya bodini mwetu si ya mvua tu. Kwa misimu mingi kaka alikuwa akichukua samaki Kigombe alfajiri, wamefunikwa barafu, na barafu ikiyeyuka inashuka na chumvi na damu ya samaki. Yote hayo yalikuwa yakidondokea springi ya kushoto, safari nzima, hadi mjini.

Upepo wa bahari unakula kila chuma cha Tanga. Lakini upepo unakula pande zote sawasawa. Tundu lile lilikuwa linalisha upande mmoja.

Nililala pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kuna utulivu fulani katika kuelewa kwa nini kitu kimeharibika, hata kama kuelewa hakupunguzi gharama.

## Ndani ya fungu la chuma

Nati za yubolti, zile bolti zenye umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli, zilikataa spana. Fundi alizimwagia dizeli usiku kucha, asubuhi zikakataa tena hata kwa bomba la kurefushia mkono, basi akazikata kwa greinda. Hakusikitika. Yubolti, alisema, hazirudishwi: zikishakazwa mara moja na kubeba kwa miaka, zimevutika, na ukizikaza upya hazishiki kama mwanzo.

Springi ilipofunguliwa senta bolti, ile ya katikati inayoshika fungu lote, pleti zake, yaani vile vipande bapa vya chuma vilivyopangana, zikaachana, na katikati yake yakamwagika maganda ya kutu kama ukoko. Fundi alichukua kipimo cha venia akapima unene wa pleti ya pili. Mwishoni, mahali ambapo haijaliwa, ilikuwa milimita 7. Pale chini ya tundu ilibaki 6.

Milimita moja inaonekana ni kitu cha kupuuza. Lakini ugumu wa pleti hauendi na unene moja kwa moja. Unakwenda na unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Saba mara saba mara saba ni 343. Sita mara sita mara sita ni 216. Kwa hiyo mahali pale, kwa milimita moja ya kutu, pleti ilikuwa imepoteza zaidi ya theluthi ya ugumu wake. Na kila kijishimo cha kutu ni mahali pa ufa kuanzia, maana chuma kinachokunjwa na kukunjuka maelfu ya mara hupasuka kuanzia juu ya ngozi yake.

Ufa tuliukuta. Haukuwa pale kwenye kutu nilipoutarajia. Ulikuwa katikati, kwenye tundu la senta bolti, umefichwa na yubolti na bamba lake, umeshavuka zaidi ya nusu ya upana.

Fundi akanieleza, na hili ndilo lililonitisha kuliko yote. Yubolti zikiwa zimekaza sawasawa, ile sehemu ya katikati haikunjiki kabisa, imebanwa pamoja na ekseli. Zikilegea, katikati nako kunaanza kucheza, na pale ndipo pleti ina tundu, yaani ndipo penye chuma kidogo zaidi. Ikikatika pale, hakuna springi tena. Kwenye pikapu kama hii springi hazibebi tu, ndizo zinazoishika ekseli ya nyuma mahali pake. Upande mmoja ukiachia, ekseli inakaa mshazari na gari linakwenda linakotaka lenyewe.

Nikafikiria mteremko wa Amani, matope, magunia nyuma, na vijana wa kupakia wamekaa juu ya magunia.

Nikaacha kufikiria, nikaulizia bei.

## Pleti ya kuongeza

Bei ndiyo iliyoleta mjadala wa kweli nyumbani.

Njia rahisi ilikuwa kutoa pleti iliyopasuka, kuweka nyingine, na kuongeza moja zaidi. Hiyo ingegharimu chini ya robo ya bei ya seti mpya. Njia hii ndiyo inayofuatwa na wengi, na siwalaumu. Tatizo lake ni kwamba pleti mpya inakaa katikati ya zilizochoka. Ina upinde mkubwa kuliko jirani zake, kwa hiyo inachukua mzigo mwingi kuliko fungu lake, na zile za zamani zinaendelea kufa kimyakimya pembeni yake.

Kuna wanaochoma. Springi iliyolala inawekwa kwenye makaa hadi iwe nyekundu, inagongwa hadi irudishe upinde, inaachwa ipoe au inamwagiwa maji. Ikitoka inapendeza, imeinuka kama mpya. Lakini nguvu ya chuma cha springi haitoki kwenye umbo lake. Kiwandani kinapashwa zaidi ya nyuzi 800, kinapozwa ghafla kwenye mafuta, kisha kinapashwa tena kwa moto wa kiasi, baina ya nyuzi 400 na 550 hivi, ili kipate ugumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Ukikichoma ovyo unafuta kazi yote hiyo. Kikipoa polepole kinakuwa laini na kulala tena baada ya miezi michache. Kikimwagiwa maji kinaweza kukatika kama kigae.

Springi za mtumba nilizikataa mara moja, kwa sababu ya ule ufa. Kama wetu ulijificha chini ya yubolti zetu wenyewe, wa gari la mtu mwingine ningeuonaje?

Ikabaki seti mpya, pande zote mbili, maana huwezi kufunga mpya kushoto na ya zamani kulia ukategemea gari lisimame sawa. Pesa ilitoka kwenye akiba ya ada za watoto. Naandika hivyo kwa sababu kila anayemiliki gari la kazi anajua zinakotoka.

Dukani muuzaji akauliza swali moja tu:

"Ya kawaida au ya mzigo?"

Ya mzigo ina pleti nene zaidi na upinde mkubwa zaidi. Bei zilikaribiana. Kaka hakusita.

"Ya mzigo. Gari la mzigo linafungwa springi ya mzigo. Hilo nalo la kujadili, dada?"

Sikuwa na jibu. Nilihisi tu kwamba ndiyo, ni la kujadili. Nikamwomba muuzaji atuwekee zote mbili hadi jioni, tukarudi kwa fundi.

## Mkono mdogo

Fundi hakujibu kwa maneno. Alituita chini ya gari, akatuonyesha kijimkono cha chuma, chembamba kama kalamu, kimetoka kwenye ekseli kimepanda hadi kwenye vali iliyofungwa kwenye chasisi. Kwa miaka yote nimeliona lile gari, na sijawahi kujua kijimkono kile kipo.

Ile vali inagawa nguvu ya breki za nyuma. Gari likiwa tupu, magurudumu ya nyuma ni mepesi, na breki za nyuma zikibana kwa nguvu zote yanafunga na kuteleza, hasa kwenye lami yenye maji. Gari likiwa na mzigo, nyuma ni nzito na panahitaji breki ya kutosha. Vali inajuaje kama kuna mzigo? Kwa kile kijimkono. Mzigo ukishuka, chasisi inaikaribia ekseli, mkono unageuka, vali inafunguka zaidi. Haijui kilo. Inajua umbali tu.

Kaka alikuwa wa kwanza kuelewa, na nilimwona usoni. Springi zetu za zamani zilipolala, vali ilikuwa inaamini gari limejaa kila siku. Ndiyo maana nyuma ilikuwa inakimbia upande kwenye mvua likiwa tupu, jambo ambalo sote tulilisingizia tairi.

"Sasa tukifunga ndefu na ngumu?" akauliza.

"Itaamini gari tupu," fundi akasema. "Na wewe umejaza."

Yaani mzigo upo, springi ngumu haiinami, vali haioni mzigo, breki za nyuma zinapewa nguvu ya gari tupu, na za mbele zinabeba kazi yote peke yake. Kwenye tambarare ya Pongwe unaweza usigundue. Kwenye kuteremka kutoka milimani utagundua.

Kuna namna ya kurekebisha mkono huo kulingana na springi mpya, na fundi anaijua. Wapo pia wanaoufunga kwa waya uwe umefunguka daima, au wanauondoa kabisa kwa sababu hawajui ni wa nini. Lakini kile kilichokuwa hisia tu kwangu kikawa kimepata mwili. Kimo cha gari si urembo. Sehemu nyingine zinakisoma na kukitegemea.

Tukachukua ya kawaida.

## Kufunga

Kufunga kwenyewe hakukuwa na hadithi. Senta bolti inaingia kwenye tundu lake juu ya ekseli, jicho la mbele kwenye breketi, la nyuma kwenye shakeli, kile kiungo kinachocheza, bushi mpya, yubolti mpya. Nitataja jambo moja tu ambalo ningependa kila mwenye pikapu amsimamie fundi wake: bolti za kwenye macho ya springi zishikizwe tu wakati gari liko juu ya jeki, kisha zikazwe kabisa likiwa limesimama kwa miguu yake. Ukizikaza springi ikiwa inaning'inia, raba za bushi zinabanwa zikiwa katika hali hiyo, na gari likishuka zinabaki zimepindwa kila saa. Zitachanika mapema na utasema ni feki.

Na yubolti hukazwa tena baada ya kilomita mia tano hivi hadi elfu moja, maana pleti mpya zinakaa mahali pake na rangi yake inabanwa. Kumbuka ufa wetu ulianzia wapi.

Springi za zamani zilichukuliwa siku ileile. Mhunzi alizilipia kwa kilo, bei nzuri kuliko chuma chakavu cha kawaida, kwa sababu chuma cha springi kinatoa panga na shoka zisizopinda. Aliitenga ile pleti yenye ufa, akaikata pale pale penye ufa, akachukua vipande viwili vizima.

## Nani anapima?

Sasa nirudi kwenye magunia matano.

Malori yana mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari, ya mwaka 2016, inayagusa magari kuanzia kilo 3,500. Pikapu kama yetu, likiwa na mzigo wake halali, haifiki hapo. Inapita pembeni. Hakuna anayeipima, na sidhani kama dereva yeyote wa pikapu Tanga amewahi kupimwa mzigo wake.

Gunia nalo lina uongo wake. Mfanyabiashara anahesabu magunia, dereva anahesabu magunia, wapakiaji wanalipwa kwa gunia. Lakini gunia la lumbesa, lenye kilemba chake cha kamba juu, lina kilo ngapi? Lumbesa imepigwa marufuku, Wakala wa Vipimo wamelisema hilo mara nyingi, na mkulima ndiye anayeumia wa kwanza. Sikuwahi kufikiri kwamba na ekseli inaumia. Tunasema "magunia kumi" kana kwamba tumetaja uzito, kumbe tumetaja idadi ya mafumbo.

Kwa hiyo barabara haipimi, gunia halipimi. Kilichobaki ni springi.

Na springi inapima kweli. Ile mizani ya kuning'iniza wanayopimia samaki pale soko la Deep Sea ndani yake mna springi na mshale, hakuna zaidi. Mwaka 1678 Robert Hooke wa Uingereza aliandika kanuni hiyo: springi huvutika kwa kadiri ya nguvu inayoivuta. Ongeza uzito mara mbili, itavutika mara mbili. Pikapu yetu ilikuwa mizani muda wote, ila hatukuwahi kuisoma. Ilipolala, ilikuwa inatuambia. Ilipogonga "ngo", ilikuwa inatuambia kwa sauti.

Ndicho nilichokuwa nakitafuta wiki zote zile bila kukipata. Springi ndiyo mahali gari linaposema basi. Ukiifanya isiweze kuinama, hujaliongezea gari nguvu, umelinyima mdomo. Uzito haujaondoka. Umehamia kwenye beringi za magurudumu, kwenye nyumba ya ekseli, kwenye chasisi pale nyuma ya kebini, kwenye tairi. Na hivyo vyote vinabeba kimya hadi siku vinapokatika.

Chukua tairi. Zetu za nyuma zimeandikwa 106 ubavuni. Namba hiyo maana yake kilo 950 kwa tairi, ikiwa na upepo kamili. Mbili ni kilo 1,900. Toa uzito wa gari lenyewe uliokaa nyuma, kisha uone kimebaki nini cha kugawia machungwa. Springi ya mzigo haibadilishi namba hiyo hata kwa kilo moja.

Nilimsomea kaka hesabu hizi jioni moja barazani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu ni ya haki:

"Dada, yote kweli. Lakini nikikataa gunia la kumi na tano, mwenye lori la Canter anasubiri pale pale. Hatakataa. Kesho simu haitapigwa kwangu."

Sikuwa na hesabu ya kumjibu hilo, na sina hadi leo. Mwenye gari dogo analipwa kwa tripu. Dizeli ni ileile akibeba pungufu. Faida yake yote iko kwenye yale magunia ya mwisho, yaani yaleyale yanayolivunja gari. Mtu akikaa mjini ni rahisi kusema madereva wana tamaa. Mimi nashika daftari, najua si tamaa.

## Mifuko ya saruji

Kisha ukaja mzigo wa saruji, wa mtu anayejenga Chumbageni, na nikaona nafasi.

Uzuri wa saruji ya mfuko ni kwamba uzito umeandikwa: kilo 50. Hakuna lumbesa ya saruji. Nikamwomba kaka anivumilie. Vijana walipokuwa wanapakia, mimi nilisimama na futi kamba ya kushonea, nikipima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Nilichagua katikati ya gurudumu makusudi, ili kubonyea kwa tairi kusiharibu kipimo.

Mifuko kumi ya kwanza, yaani nusu tani, ilishusha bodi karibu sentimita 6. Mifuko kumi iliyofuata haikushusha sita nyingine, ilishusha kama 4. Nilidhani nimekosea kusoma, nikachungulia chini, nikaelewa: ile pleti nene ya chini kabisa, ambayo gari likiwa tupu haigusi kitu, ilikuwa imeanza kusaidia. Springi ilikuwa imebadili ugumu kwa sababu mzigo umebadilika. Hivyo ndivyo ilivyoundwa: laini kwa gari tupu, ngumu kwa gari lililojaa. Nikasimama pale na futi yangu, nikiwa na furaha ambayo vijana hawakuielewa.

Tulisimamisha kwenye tani moja, maana ndiyo kiasi ambacho gari hili limeundiwa. Pande zote mbili zilikuwa zimelingana. Chini, kati ya ekseli na raba, kulibaki nafasi ya gari kucheza kwenye mashimo.

Nikachukua kipande cha ufito wa mkoko kilichobaki tulipoezeka banda, nikakikata kwa urefu uleule, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, gari likiwa na tani moja kamili. Kijiti kikiingia, tuko salama. Kisipoingia, tumezidisha. Hakihitaji kusoma wala betri, na kinapima machungwa, nazi, mchanga na mkaa kwa haki ileile. Lazima tu gari liwe limesimama mahali tambarare, na mzigo umepangwa vizuri, usirundikwe nyuma ya ekseli. Siku springi zikianza kulala, tutarudia na saruji tukate kingine.

Kaka alikitazama, akakigeuza, akakiweka nyuma ya kiti.

Hajanieleza alichokuwa anafikiri siku hiyo. Lakini safari ya kwanza ya Muheza baada ya hapo, alipiga simu akiwa bado shambani. Kijiti kimegoma kwenye gunia la kumi na moja, alisema. La kumi na moja! Zamani alikuwa anafika hadi la kumi na tano. Maana yake yale magunia yana kilo tisini na zaidi kila moja, na tripu zetu za zamani zilikuwa zinakaribia tani moja na nusu. Nilimsikia mteja wetu kwa nyuma akiuliza, si kwa ubaya, kama springi mpya ni mbovu.

Kaka alishusha yaliyozidi. Mteja akaita Canter kwa ajili ya yaliyobaki, na tripu iliyofuata akaita Canter kwa yote.

Basi hapo ndipo tulipo. Tumeshachomelea kibomba kwenye lile tundu la bodi ili maji ya samaki yadondoke nje, mbali na springi. Yubolti zimeshakazwa tena, na fundi anasema zimekaa. Hakuna mtu anayepanda juu ya mzigo. Hilo kaka alilikubali bila mjadala. Kwa sasa tunatafuta zaidi mizigo ya saruji, mabati na nondo, ambayo uzito wake unajulikana kabla gari halijawashwa. Hailipi kama machungwa ya msimu. Kaka anataka tujaribu hivyo hadi msimu ujao ndipo tupige hesabu upya, na bei ya tripu ya Muheza tuipange kwa kilo, atakayekubali akubali. Nimeafiki, kwa sharti kwamba kijiti hakitoki kwenye gari.